Si Kila Kichwa Kinachouma Ni Vumbi

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, ni mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, na kila mwaka mvua zinapokatika, kuanzia mwezi wa Mei hadi zinaporejea karibu na Oktoba au Novemba, wakazi wake huishi ndani ya vumbi. Malori ya madini hupita mchana na usiku katika barabara ya kuelekea Likasi na Lubumbashi, njia za udongo mwekundu katika komine za Dilala na Manika hutimua vumbi kila pikipiki inapopita, na upepo wa kiangazi hupeperusha mchanga uliobaki baada ya madini kuchenjuliwa. Basi si ajabu kwamba mtu anayepatwa mara kwa mara na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na hali ya kubanwa kwenye paji la uso na mashavu hupewa na majirani jibu lile lile, kwamba hayo ni mambo ya vumbi, kwamba ana sinusiti, na kwamba akanunue dawa dukani.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa sababu vumbi huumiza pua kweli kweli, lakini ubaya wake ni kwamba linafunga mjadala kabla haujaanza. Dalili hizo tatu zinaweza kuletwa na sinasi, yaani matundu ya hewa ya usoni, zilizoziba, na zinaweza pia kuletwa na kipandauso, na moshi wa jiko la makala, na shinikizo la damu, na malaria, na upungufu wa damu, na hata na dawa zenyewe ambazo mgonjwa anazimeza ili apone. Kila kimoja kati ya vyanzo hivyo kina matibabu yake, na baadhi yake huua mtu aliyechelewa. Kinachosaidia kuvitenganisha, hata mahali ambapo hakuna mashine kubwa za hospitali, ni mgonjwa kujua namna ya kueleza maumivu yake: yanaanza lini, yanadumu muda gani, yanafuatana na nini, na ni nani mwingine ndani ya nyumba anayeugua kwa wakati huo huo.

Vumbi na matundu ya hewa usoni

Ndani ya mifupa ya uso mna matundu yenye hewa yanayoitwa kitaalamu sinasi, nayo yamepangika kwa jozi nne: ya kwanza imo katika paji la uso juu ya nyusi, ya pili ndani ya mifupa ya mashavu, ya tatu kati ya macho, na ya nne nyuma kabisa ya pua, karibu na kitako cha fuvu. Matundu hayo yametandikwa ndani kwa utando laini unaotoa kamasi, na juu ya utando huo mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho ambavyo huisukuma kamasi pole pole kuelekea puani kupitia vijia vyembamba. Kazi ya kamasi ni kunasa vumbi na vijidudu kabla havijafika mapafuni, na mradi vijia hivyo viko wazi, mtu hatambui hata kidogo kwamba ana sinasi. Utando ukivimba, vijia huziba, kamasi hubaki ndani na kuwa nzito, na hapo ndipo mtu huhisi uzito unaokaza mashavu na paji la uso, unaoongezeka anapoinama kufua nguo au kuchota maji.

Katika ukanda wa shaba, utando huo hupambana na mambo mengi kwa pamoja. Hewa ya kiangazi ni kavu na kamasi hukauka haraka, chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kuuwasha utando, na chembe ndogo zaidi hupita hadi mapafuni. Zaidi ya vumbi kuna gesi, kwa kuwa viwanda vya eneo hili huyeyusha madini kwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hutengenezwa kutokana na dioksidi ya salfa, gesi yenye harufu kali ambayo huyeyuka upesi sana katika majimaji na kwa sababu hiyo hushambulia kwanza macho, pua na koo. Mtu ambaye macho yake humwaga machozi, pua humwasha na kikohozi humshika siku ambazo upepo unatoka upande wa kiwanda, kisha akapata nafuu upepo unapogeuka au zamu yake ya kazi inapokwisha, ana sababu nzuri ya kuishuku hewa anayoivuta, na jambo hilo anapaswa kulitaja waziwazi anapofika mbele ya muuguzi au daktari.

Sinusiti yenyewe, yaani uvimbe wa utando wa sinasi, mara nyingi huanzia kwenye mafua ya kawaida yanayoletwa na virusi. Pua huziba, kamasi hushuka kooni, uwezo wa kunusa hupungua, uso huuma, na kwa watu wengi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku kumi bila antibiotiki yoyote, kwa sababu antibiotiki huua bakteria na haina nguvu juu ya virusi. Rangi ya kamasi haitoshi kuamua, maana kamasi ya manjano au ya kijani hutokea hata katika mafua yanayopona bila dawa. Mambo matatu ndiyo yanayomfanya daktari afikirie kwamba bakteria wameingia: dalili zinazopita siku kumi bila dalili yoyote ya nafuu, mgonjwa aliyekuwa ameanza kupona kisha akazidiwa upya, au homa kali inayofika nyuzi 39 pamoja na kamasi ya usaha na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Dalili zikidumu wiki 12 au zaidi, sinusiti huitwa sugu, na mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kuchunguzwa pua, na pia meno ya juu, kwa kuwa mizizi yake iko jirani kabisa na sinasi za mashavu na jino lililooza huweza kuzichafua.

Nyumbani, tiba iliyo rahisi na yenye faida ni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Maji huchemshwa vizuri, huachwa yapoe hadi kuwa vuguvugu, kisha nusu ya kijiko cha chai cha chumvi safi hukorogwa ndani ya kikombe cha robo lita. Mgonjwa huinama juu ya beseni, hugeuza kichwa upande mmoja na kumimina maji taratibu katika tundu la juu la pua hadi yatokee tundu la chini, huku akipumua kwa mdomo. Maji ya kisima au ya bomba ambayo hayakuchemshwa hayafai kwa kazi hiyo, kwa sababu yanaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo huvimudu lakini pua haivimudu. Kujifukiza mvuke juu ya sufuria, jambo linalofanywa katika nyumba nyingi, huweza kulegeza kamasi kwa muda, lakini watoto wengi huungua kwa maji ya moto kwa njia hiyo, na hawapaswi kuinamishwa juu ya sufuria.

Kipandauso kinachojificha nyuma ya pua

Ugonjwa unaochanganywa zaidi na sinusiti ni kipandauso, ambacho ni ugonjwa wa ubongo na neva, wala si wa pua. Maumivu yake kwa kawaida hudunda, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, huzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi, hudumu kati ya saa 4 na saa 72 yasipotibiwa, na hufuatana na kichefuchefu au kutoweza kuvumilia mwanga na kelele, kiasi kwamba mgonjwa hutafuta chumba chenye giza na kulala. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya maumivu ya kichwa, kipandauso kikiwa mojawapo, yaliwagusa watu wapatao bilioni 3.1 mwaka 2021, na kipandauso huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa kwa sababu ya mabadiliko ya homoni.

Sababu ya kuchanganya ni kwamba neva ile ile inayopeleka ubongoni hisia za uso, pua na sinasi ndiyo inayohudumia pia utando unaouzunguka ubongo. Kipandauso kinapoiamsha neva hiyo, mgonjwa huhisi maumivu mashavuni na nyuma ya macho, pua yake huziba au hutiririka majimaji, na macho hutoa machozi, ingawa ndani ya sinasi hamna maambukizi yoyote. Mabadiliko ya hali ya hewa pia huweza kukichochea, na hivyo mwanzo wa kiangazi au wa mvua huonekana kuithibitisha hadithi ya sinusiti. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 2,991 ambao wenyewe, au madaktari wao, waliamini kwamba wana maumivu ya kichwa ya sinasi, na walikuta kwamba watu 88 katika kila 100 walikuwa na dalili zinazotimiza vigezo vya kipandauso. Uchunguzi huo haukufanywa Lualaba, lakini mwili wa binadamu ni ule ule, na funzo lake ni kwamba mtu anayepata kila mwezi maumivu ya uso yanayokwisha ndani ya siku moja au mbili, bila homa na bila kamasi ya usaha, huku akichukia mwanga na kutapika, anapaswa kumuuliza daktari kuhusu kipandauso kabla ya kumaliza dozi nyingine ya antibiotiki ya amoksilini.

Aina za kizunguzungu

Neno kizunguzungu hubeba hali zaidi ya moja, na daktari hupenda kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuhisi kwamba chumba kinazunguka au kwamba mtu mwenyewe anazungushwa ilhali ametulia, na hali hiyo kwa kawaida hutoka katika sikio la ndani, mahali penye viungo vinavyopima mizani ya mwili. Ya pili ni kisunzi, yaani kuhisi kwamba macho yanaingia giza na mtu yu karibu kuzimia, na hiyo hutokana zaidi na damu au sukari isiyofika ubongoni kwa kiasi cha kutosha. Ya tatu ni kuyumba wakati wa kutembea bila kichwa kuzunguka, jambo linaloweza kuelekeza kwenye neva za miguu au kwenye ubongo wenyewe.

Katika aina ya kwanza, chanzo cha kawaida kabisa ni chembe ndogo za chokaa zilizomo katika sikio la ndani ambazo huhama mahali pake na kuingia katika mfereji usiokuwa wake. Mgonjwa hugeuka kitandani au huangalia juu kutoa kitu rafuni, na ghafla dunia yote huzunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha hutulia mpaka ageuke tena. Tatizo hilo halihitaji vidonge vya miezi, kwa sababu mhudumu wa afya aliyejifunza anaweza kuzirudisha chembe hizo kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua, njia ambayo daktari Mmarekani John Epley aliichapisha mwaka 1992. Kipandauso nacho huweza kuleta kizunguzungu, wakati mwingine hata bila kichwa kuuma sana, na kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kuwa na dalili zote tatu zinazozungumzwa hapa kutokana na chanzo kimoja.

Kisunzi kina vyanzo vingi katika maisha ya Lualaba. Mchimbaji anayeshinda katika joto la Oktoba, mwezi wa joto kabla ya mvua kukolea, huku akitoka jasho na kunywa maji kidogo, hupungukiwa maji mwilini, na anaposimama ghafla shinikizo la damu yake hushuka na macho huingia giza. Anayekwenda kazini alfajiri bila kula kitu hushukwa na sukari. Mama mjamzito, mtoto aliyeugua malaria mara nyingi na mtu mwenye minyoo huweza kuwa na upungufu wa damu, ambao hujionyesha kwa weupe wa viganja na wa ndani ya kope la chini, moyo kwenda mbio na kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo. Dawa pia zina sehemu yake: kwinini huleta mvumo masikioni na kizunguzungu, na sindano za jentamisini, zikitolewa kwa kiasi kisichofaa au kwa muda mrefu, huweza kuliharibu sikio la ndani kwa namna isiyorekebika, na ndiyo maana sindano hizo si za kujichomea mtaani.

Mbabula ndani ya nyumba, mashine mdomoni mwa shimo

Kati ya vyanzo vyote, kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ni cha kawaida katika ukanda huu, hakionekani, na huua usiku mmoja. Mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wa Kolwezi huwa wa baridi kali, kwa kuwa mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Familia imekwisha kupika bukari, yaani ugali, makala yaliyobaki katika mbabula, jiko la makala, yamewaka mekundu na hayatoi tena moshi, na jiko linaingizwa chumbani ili kuwapa joto watoto, huku mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa kitambaa kuzuia upepo. Makala mekundu yasiyotoa moshi huonekana salama, lakini ndiyo hasa yanayotoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha koo, inayozaliwa kila mahali ambapo kuni, makala au mafuta yanaungua bila hewa ya kutosha.

Gesi hiyo ikiingia katika damu hushikamana na hemoglobini, yaani ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe, na hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili za kwanza ni maumivu ya kichwa yanayokaza pande zote, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na kwa kuwa zinafanana na za malaria au za mafua, wengi hupewa dawa ya malaria na kurudishwa katika chumba kile kile. Alama zinazoifichua gesi hii ni mbili: watu kadhaa wa nyumba moja huugua kwa pamoja, na wote hupata nafuu wakitoka nje kisha huugua tena wakirudi ndani. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakisaidii hapa, kwa sababu hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye karibu kufa. Aliyeathirika hutolewa nje mara moja na kupelekwa mahali penye oksijeni, kwani akivuta hewa ya kawaida, nusu tu ya gesi hiyo hutoka mwilini katika muda wa saa nne hadi sita, ilhali oksijeni ya barakoa huupunguza muda huo kuwa saa moja na nusu au pungufu. Mama mjamzito hapaswi kusubiri hata akijisikia nafuu, kwa maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi kuliko yeye.

Hatari hiyo hiyo iko machimboni. Kanuni za madini za Kongo haziruhusu shimo la mchimbaji wa mikono kupita kina cha mita 30, lakini hata katika kina pungufu hewa haizunguki yenyewe, na wachimbaji hupeleka hewa chini kwa mabomba na mashine. Mashine ya petroli ya kupampu maji au kusukuma hewa ikiwekwa mdomoni mwa shimo, au mbaya zaidi ikiteremshwa ndani, moshi wake hushuka na kujaa mahali watu wanapochimba. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na mahali inaposhuka chini ya asilimia 19.5 wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba si mahali salama pa kufanyia kazi. Kwa hiyo mchimbaji anayeumwa kichwa na kupata kizunguzungu akiwa chini, kisha akapona akipanda juu, amekwisha kupewa onyo, na wenzake hawapaswi kushuka kumwokoa aliyezimia bila kwanza kuingiza hewa safi, maana mara nyingi mwokoaji huwa ndiye maiti wa pili.

Madini mwilini

Wakazi wengi huuliza kama kobalti yenyewe ndiyo inayowaumiza vichwa, na swali hilo ni la haki. Mwaka 2009 timu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, ambamo alikuwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo wao, na mwaka 2018 watafiti hao walichapisha utafiti mwingine uliofanywa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti ilichimbwa chini ya nyumba za watu, wakakuta viwango vya juu zaidi kwa watoto. Tafiti hizo zilithibitisha kwamba vumbi la madini huingia mwilini, na zinatosha kudai mitaa iliyonyunyiziwa maji na nyumba zilizo mbali na mashimo, lakini hazikuwa tafiti za maumivu ya kichwa. Ndiyo maana mgonjwa hafanyi vema kuyatupia madini lawama yote na kuacha kupimwa mambo yanayotibika leo.

Kupima kabla ya kumeza

Jambo la kwanza la kupimwa ni malaria, kwa kuwa Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wake, na homa yenye maumivu ya kichwa inahitaji kipimo cha haraka cha tone la damu siku hiyo hiyo. La pili ni shinikizo la damu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu hawajui kwamba wanalo, na sababu ni kwamba kwa kawaida halileti maumivu yoyote mpaka limepanda sana, mathalani hadi 180 kwa 120. Kupima vizuri kuna utaratibu wake: mtu huketi dakika tano akiwa ameegemea, miguu ikiwa sakafuni bila kupishanishwa, mkono ukiwa wazi na kuwekwa mezani sawa na moyo, bila kuzungumza, na kipimo hurudiwa. Anayefika akihema kutoka kwenye pikipiki na kupimwa papo hapo juu ya shati hupata namba isiyomsaidia. Vipimo vya siku tofauti vikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo ana shinikizo la juu na anahitaji matibabu ya kudumu, hata kama kichwa chake kimeacha kuuma.

Tatizo ni kwamba wengi hupitia dukani kwanza. Wakati kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilipokuwa na nguvu, mfanyakazi na familia yake walikuwa na hospitali ya kampuni, lakini baada ya kampuni hiyo kuporomoka katika miaka ya 1990 familia nyingi zilibaki kujitafutia matibabu kwa fedha zao, na duka la dawa likawa karibu na rahisi kuliko daktari. Vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa kimoja kimoja vina mtego wake: mtu anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, au tramadoli na vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, huweza kupata maumivu ya kichwa ya kila siku yanayoletwa na vidonge hivyo, nayo hayaishi mpaka aviache kwa kusimamiwa na mhudumu wa afya. Dawa za kupulizia puani zinazofungua pua papo hapo nazo, zikitumiwa kupita siku tatu hadi tano, huifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwa sababu ziada huharibu ini.

Wakati wa kwenda hospitali

Zipo dalili ambazo hazingoji kesho. Maumivu ya kichwa yanayolipuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja huweza kuwa damu iliyovuja ubongoni. Homa yenye shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au madoa ya zambarau kwenye ngozi huashiria homa ya uti wa mgongo, ugonjwa uliozuka Banalia, mkoa wa Tshopo, mwaka 2021 na kuua watu wengi. Mdomo uliokwenda upande, mkono au mguu uliolegea, maneno yasiyoeleweka, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kabisa kusimama ni dalili za kiharusi, hata kama mgonjwa anasema tu kwamba ana kizunguzungu. Jicho lililovimba na kuwa jekundu kwa mtu mwenye sinusiti huonyesha kwamba maambukizi yanatoka katika sinasi na kuelekea kwenye jicho au ubongo. Mjamzito aliyepita wiki 20 ambaye kichwa kinamuuma sana, anaona vimulimuli au amevimba uso, anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Degedege, kuzimia, maumivu ya kifua, kichwa kinachouma baada ya kuanguka au kupigwa, na watu wa nyumba moja kuugua pamoja, vyote ni vya kukimbizwa hospitali kuu ya rufaa usiku huo huo.

Zipo nyingine zinazotosha kupelekwa katika kituo cha afya ndani ya siku chache: maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50, maumivu yanayoamsha usingizini au yanayokuja na kutapika kila asubuhi, kichwa kinachozidi kuuma wiki baada ya wiki kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, sikio lililopoteza usikivu, sinusiti iliyopita siku kumi, na kizunguzungu kinachomzuia mtu kufanya kazi au kuendesha pikipiki.

Kila mkazi wa Lualaba anayesumbuliwa na dalili hizi mara kwa mara na aanze leo kuandika katika daftari la kawaida tarehe, saa, muda wa maumivu, alipokuwa, alichokula, dawa aliyomeza na nani mwingine aliyeugua, na daftari hilo aende nalo kituoni, kwa sababu wiki nne za maandishi ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya haraka ya dakika mbili. Na kabla ya baridi ya Juni ijayo, kila kaya na iweke kanuni moja isiyovunjwa: mbabula hulala nje.